Habari za Wilaya ya Macon katika Marekani, na Daftari Lake

Watu wengi wakisikia Marekani ikitajwa hufikiri mara moja habari za miji mikubwa, majumba marefu kama milima, na motokaa zisizo na hesabu. Lakini sehemu kubwa ya nchi ile ni mashamba na misitu, nayo imegawanywa katika wilaya zaidi ya 3,000. Karibu kila wilaya ina boma lake, hazina yake na baraza lake. Leo twataka kueleza habari za wilaya moja tu ya shamba, jina lake Macon, katika jimbo la Alabama, upande wa kusini.

Wilaya hii si kubwa wala si tajiri. Tumeichagua kwa sababu habari zake zaonyesha wazi jambo ambalo kila mzee wa baraza na kila mwalimu apaswa kulifikiri, nalo ni hili: utawala wa wilaya hauanzi katika kiti cha mkubwa, bali huanza katika daftari. Ni nani aliyeandikwa humo? Ni nani aliyeachwa? Na kalamu imo mkononi mwa nani?

NCHI YENYEWE

Macon iko mashariki ya Alabama, na boma lake ni mji wa Tuskegee, yapata maili 40 mashariki ya Montgomery, mji mkuu wa jimbo. Ukubwa wake ni kama maili za mraba 610. Upande wa kaskazini na magharibi hupita mto Tallapoosa, na vijito vingi huuteremkia. Kaskazini kuna vilima na udongo mwekundu. Katikati kuna mchanga na misitu ya misonobari. Na kusini nchi yalingana na ule ukanda wa udongo mweusi ambao hapo kale ulisifiwa kwa pamba. Mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Karibu na Tuskegee uko msitu wa Serikali Kuu, wenye eka kama 11,000 tu, nao ni mdogo kuliko misitu yote ya taifa katika Marekani.

Zamani kila mtu alilima pamba. Lakini pamba ikilimwa mwaka baada ya mwaka huichosha ardhi, na mvua nyingi huchukua udongo wa juu. Ndiyo sababu mashamba mengi yamerudi kuwa malisho na misonobari, na vijana wengi wamehama kwenda mijini. Mwaka wa 1950 walihesabiwa watu zaidi ya 30,000. Mwaka wa 2020 walihesabiwa 19,532. Wengi wao, kama wanne katika kila watano, ni watu weusi.

WENYEJI WA KWANZA

Wenyeji wa asili walikuwa kabila la Creek, waliokaa katika vijiji kando ya mito. Mwaka wa 1832 wakuu wao walifanya mkataba na Serikali ya Marekani. Mkataba ulisema kwamba wakuu 90 watapewa eka 640 kila mmoja, na kila mwenye nyumba eka 320, na mtu akipenda atakaa, akipenda atauza. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini majina yalipoandikwa na viwanja kupimwa, walitokea wadanganyifu wengi. Wengine walimleta mtu mbele ya karani aseme kwamba yeye ndiye mwenye shamba, akauza, na mwenyewe halisi hana habari. Basi Creek walipoteza nchi yao kwa hati kabla ya kuipoteza kwa bunduki. Mwaka wa 1836 vita vikatokea, na baadaye watu waliosalia wakahamishwa kwa nguvu kwenda mbali magharibi, katika nchi ambayo leo huitwa Oklahoma.

Wilaya ya Macon iliundwa Desemba ya mwaka ule ule wa 1832, ikapewa jina la Nathaniel Macon, mwanasiasa wa jimbo la North Carolina. Wazungu wenye kulima pamba walifika na watumwa wao, na kufika mwaka wa 1860 watumwa walikuwa kama wawili kwa kila mtu mmoja aliye huru. Watumwa waliandikwa katika hesabu ya mali, pamoja na nyumbu na majembe.

KURA ILIYOLETA SHULE

Utumwa ulikwisha mwaka wa 1865, na mwaka wa 1870 sheria kuu ya Marekani ikaongezwa neno la kukataza mtu yeyote kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu alikuwa mtumwa. Watu weusi wa Macon wakapiga kura. Kura hizo zilizaa tunda moja ambalo laonekana hata leo.

Alikuwako Tuskegee fundi mmoja mweusi, jina lake Lewis Adams, aliyezaliwa mtumwa, mwenye kujua kazi ya mabati, viatu na hatamu za farasi. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1880 mzungu mmoja aliyetaka kuchaguliwa katika baraza la jimbo alimwendea akamwomba amsaidie kupata kura za watu weusi. Adams hakuomba fedha wala cheo. Aliomba shule. Mwaka wa 1881 baraza la jimbo lilipitisha sheria ya kutoa dola 2,000 kila mwaka kwa mishahara ya walimu, na tarehe 4 Julai mwaka huo shule ikafunguliwa. Mwalimu wake mkuu alikuwa Booker T. Washington, naye pia alizaliwa mtumwa.

Shule ile ilikua ikawa Chuo cha Tuskegee. Wanafunzi walijifyatulia matofali na kujijengea nyumba. Mwaka wa 1896 alifika George Washington Carver, bwana shamba mashuhuri, akawafundisha wakulima kupanda kunde na njugu ili kuupumzisha udongo uliochoshwa na pamba. Mwaka wa 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, lenye vyombo na mbegu, likaenda kwa wakulima wasioweza kuja chuoni. Na tangu 1912, kwa shauri la Washington na fedha za tajiri Julius Rosenwald, zilianza kujengwa shule ndogo za vijijini karibu na Tuskegee, wanakijiji wakitoa fungu lao la fedha, mbao na kazi. Shule za namna hiyo zilienea majimbo ya kusini zikafika karibu 5,000.

Sifa za kazi hii zilifika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1924 ilifika tume ya Phelps-Stokes kutazama mambo ya elimu, na pamoja nayo Dr. Aggrey wa Gold Coast. Na mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa kuzungukia vijiji, kwa mfano wa walimu wa kusini ya Marekani.

DAFTARI LAFUNGWA

Lakini wakati chuo kilipokuwa kikiongezeka, daftari lilikuwa likifungwa. Mwaka wa 1901 jimbo la Alabama lilitunga katiba mpya. Haikusema waziwazi kwamba mtu mweusi hana kura, kwa kuwa sheria kuu ya Marekani ilikataza. Ilisema kwamba atakaye kuandikwa lazima ajue kusoma na kuandika, au awe na eka 40 au mali ya dola 300; na tena alipe kodi ya kura, dola moja na nusu kila mwaka, na asipolipa mwaka mmoja deni lake lamngoja mwaka wa pili.

Zaidi ya hayo kulikuwa na waandikishaji, nao ndio walioamua ni nani aliyetimiza masharti. Katika Macon walidai kwamba mtu mweusi aletwe na mpiga kura wa kumshuhudia. Walichukua saa nyingi kwa mtu mmoja. Pengine walijiuzulu, na kwa miezi mingi hapakuwa na mtu wa kuandika. Hivyo maprofesa wa chuo, na madaktari wa hospitali kubwa iliyokuwa hapo, walirudishwa kwamba hawakufaulu kusoma.

Mtu asiye na sauti barazani hana mtu wa kumwogopa. Mwaka wa 1932 idara ya afya ya Serikali Kuu ilianza kuwachunguza wanaume weusi kama 600 wa Macon, na katika hao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Hata dawa ya penisilini ilipopatikana, hawakutibiwa, bali walitazamwa tu mpaka wengine wakafa. Jambo hili halikukomeshwa ila mwaka wa 1972, gazeti lilipolifunua. Na mwaka wa 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa jina la taifa.

MPAKA WENYE PANDE 28

Hata hivyo watu hawakuchoka. Chama cha raia wa Tuskegee, chini ya Profesa Charles Gomillion, kiliwafundisha watu kujaza karatasi, na kiliandika kwa uangalifu jina la kila aliyekwenda kwa waandikishaji na jibu alilopewa. Polepole watu weusi kama 400 wakawa wapiga kura wa mji.

Mwaka wa 1957 baraza la jimbo likatunga sheria ya kubadili mpaka wa mji wa Tuskegee. Mji uliokuwa na pande 4 sawasawa ukafanywa kuwa na pande 28, mpaka ukizunguka nyumba hii na kuikwepa ile. Mpaka mpya ulipokwisha, katika wale wapiga kura weusi 400 walibaki mjini wanne au watano tu. Na mzungu hata mmoja hakutolewa. Mwaka huo huo wapiga kura wa jimbo walikubali neno katika katiba la kuruhusu wilaya nzima ya Macon ifutwe na kugawiwa jirani zake, ingawa haikufanyika.

Watu weusi hawakupiga mtu wala kuvunja duka. Waliacha kununua katika maduka ya mji, na mengine yakafungwa. Kisha wakaenda kortini. Mara mbili walishindwa. Tarehe 14 Novemba 1960 Korti Kuu ya Marekani ikatoa hukumu, majaji wote kwa nia moja, kwamba jimbo lina uwezo wa kupima mipaka ya miji, lakini halina ruhusa ya kuutumia uwezo huo kumnyang'anya mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Mpaka wa zamani ukarudishwa. Zile karatasi za chama zilizotunzwa miaka mingi zikafaa pia kuwa ushahidi, na mwaka wa 1961 jaji aliwaamuru waandikishaji waache hila.

Mambo yakabadilika. Mwaka wa 1964 watu weusi wawili walichaguliwa katika baraza la mji. Mwaka wa 1966 Lucius Amerson alichaguliwa kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi na gereza la wilaya, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kazi hiyo kusini tangu karne ya 19. Mwaka wa 1972 Johnny Ford akawa mkuu wa mji.

JINSI WILAYA INAVYOTAWALIWA

Wilaya hutawaliwa na baraza la makamishna waliochaguliwa na watu. Kazi yao kubwa ni barabara, madaraja, na kugawa fedha za wilaya. Hawana amri juu ya kila jambo, kwa maana sherifu huchaguliwa peke yake. Kadhalika hakimu wa mirathi, atunzaye wasia na hati za ardhi. Kadhalika mkuu wa kodi. Shule zina bodi yake. Basi kila mmoja hujibu kwa watu, si kwa mwenzake.

Kodi ya ardhi huhesabiwa hivi. Nyumba ya kukaa mwenyewe ikiwa na thamani ya dola 50,000, sheria hutazama fungu moja katika kumi, yaani dola 5,000. Kiasi cha kodi huitwa mili, maana yake fungu moja katika elfu. Kwa hiyo kila mili ni dola 5. Jimbo hutoza mili 6 na nusu, yaani dola 32 na senti 50, isipokuwa kwa waliosamehewa. Na wilaya, mji na shule huongeza zao. Lakini ardhi ya chuo na msitu wa Serikali hailipi kodi hiyo, na wilaya haiwezi kuongeza mili kwa shauri lake yenyewe: lazima baraza la jimbo likubali, na watu wapige kura. Hivyo Macon ina viongozi iliowachagua, lakini mkoba wake ni mwepesi, na kamba ya mkoba bado imo Montgomery. Hii ndiyo taabu iliyobaki.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Creek walipoteza nchi kwa sababu wengine waliandika majina yao. Lewis Adams alipata shule kwa sababu watu wake walikuwa wameandikwa. Wajukuu wao walinyimwa daftari miaka 60, nao walilirudisha kwa kutunza daftari lao wenyewe. Mwalimu afundishaye mtoto kuandika jina lake sawasawa, na karani aliandikaye jina la mjane bila kupotosha, wasidhani kwamba kazi yao ni ndogo.