Maneno ya Kitabu na Usomaji katika Shule za Karatu na Ngorongoro

Ni sehemu chache za Afrika ambako lugha zenye asili mbalimbali hukaribiana kama zikaribianavyo katika nchi iliyo baina ya Ziwa Eyasi na kreta ya Ngorongoro. Kiiraqw, ambacho wengi hukiita Kimbulu, ni lugha ya jamii ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni za jamii ya Kinilo. Kihadza, chenye sauti za vidoko, hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kiswahili, lugha ya Kibantu, ndicho kiwaunganishacho wote. Kwa wengi wa watoto wa nchi hiyo, kitabu cha kwanza cha shule huja kwa Kiswahili. Lakini mwanafunzi wa shule ya serikali aingiapo sekondari, masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na hapo hutakiwa kuzungumza juu ya vitabu kwa maneno mengine kabisa.

Aghalabu husemwa kwamba shida ya mwanafunzi huyo ni uchache wa maneno ya Kiingereza aliyonayo. Hilo ni kweli, lakini si lote. Maneno ya Kiswahili aliyokwisha kuyazoea nayo yana historia yake, wala hayagawi maana kwa mipaka ile ile ya Kiingereza. Mahali ambapo Kiswahili hutosheka na neno moja, Kiingereza hutaka mawili. Na mara nyingine mambo huwa kinyume chake. Anayefundishwa kubadilisha neno kwa neno hupotea njiani, hata kama kitabu amekisoma na kukielewa vema.

Mfano wa kwanza ni kitenzi kusoma. Mtu husoma barua, na mtu husoma shule. Kiingereza hutenga mambo haya mawili: la kwanza ni "read", la pili ni "study". Katika vyuo vikuu vya Uingereza huweza kusemwa "read" hata kwa mtu achukuaye masomo ya sheria au historia, lakini matumizi hayo ni ya huko, wala hayamfai mtoto wa shule. Basi mwanafunzi aandikapo kwa neno hilo kwamba anasoma Karatu, Mwingereza humfikiria ameketi Karatu na kitabu mkononi.

Hali kadhalika, viambishi vya Kiswahili hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa maneno mbalimbali. Kitabu kinachosomeka huenda ni kile ambacho herufi zake zaonekana wazi, au kile ambacho habari zake zavutia. Kiingereza kina "legible" kwa maana ya kwanza na "readable" kwa maana ya pili. Kumsomea bibi barua ni jambo moja, kusomea ualimu ni jambo jingine, na kujisomea ni la tatu. Yote yametoka katika kauli moja ya kutendea. Mfugaji auzaye ng'ombe ili kumsomesha mwanawe ametajwa kwa kitenzi kimoja tu, lakini Kiingereza hakina budi kueleza kwa maneno kadha kwamba alimlipia gharama za shule. Tena msomaji si msomi. Msomaji ni yule asomaye wakati huu, na msomi ni yule ambaye elimu imekwisha kumkaa. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania, neno kisomo lilienea kwa maana ya mafunzo ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Hata hivyo pwani neno hilo lina maana nyingine pia, yaani usomaji wa dua na Kurani kwa ajili ya jambo fulani.

Maana hiyo ya pwani yaonyesha mahali maneno mengi ya kitabu yalikotoka. Kitabu, karatasi, kalamu, ukurasa, jalada na daftari yote yalipita katika Kiarabu. Jalada latokana na neno la ngozi, kwa kuwa vitabu vilifungwa kwa ngozi. Daftari nalo, kabla ya kufika kwa Waarabu, lilikuwa neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa. Katika nchi ya wafugaji, jambo hili lingefaa kuwa somo la kwanza la historia ya kitabu. Kabla ya neno kitabu kutawala, Waswahili walikuwa na neno chuo. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, wajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na hapo chuo ni kitabu. Baadaye neno hilo lilihama kutoka kwenye kitabu hadi kwenye mahali pa kukisomea, ndiyo maana leo twalikuta katika Chuo Kikuu. Kimaasai, kwa upande wake, hukiita kitabu embuku, yaani neno la Kiingereza lililovishwa kiambishi cha jinsia ya kike.

Sehemu za kitabu nazo zina mgogoro wake. Sura, aya na juzuu ni maneno yaliyotumika kwanza kwa Kurani. Shule ziliyachukua: sura ikawa sehemu kubwa ya kitabu, aya ikawa fungu la sentensi, na juzuu ikawa kitabu kimoja katika mfululizo. Kwa Wakristo, ambao ni wengi Karatu, Biblia hugawanywa kwa mlango na mstari. Basi mtoto huweza kujua mlango kwa kanisani na sura kwa shuleni, naye asitambue kwamba Kiingereza huviita vyote viwili "chapter". Kinyume chake, aya ya Kurani na aya ya insha ni neno moja kwa Kiswahili, lakini ni "verse" na "paragraph" kwa Kiingereza. Asiyeelezwa tofauti hii huandika kwamba insha yake ina "verse" nne.

Neno jingine lenye kufundisha mengi ni hifadhi. Msafiri atokaye Karatu hupita lango la Lodoare na kuingia katika eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959. Kila mtoto wa hapo analijua neno hilo: ni kutunza nchi, wanyama na mimea. Lakini katika madrasa, aliyehifadhi Kurani ni yule aliyeitia moyoni yote. Wazo ni lile lile, yaani kuweka kitu kisipotee, ila Kiingereza hutenga kazi ya kulinda na kazi ya kukumbuka. Neno kukariri nalo lina asili ya kurudia. Husemwa kukariri shairi na hata kukariri darasa, na siku hizi limepata pia dalili ya lawama: aliyekariri tu hudhaniwa hakuelewa. Kiingereza hugawa maana hizo kwa vitenzi vitatu au zaidi.

Hatari kubwa zaidi iko katika majina ya aina za vitabu. Hadithi kwa Kiswahili huweza kuwa maneno ya Mtume yaliyopokewa kwa uangalifu mkubwa, au ngano ya sungura na fisi. Neno lenyewe halisemi kama habari ni ya kweli au ya kubuni. Maktaba za Kiingereza, kwa upande mwingine, hupanga vitabu vyake kwa kuuliza swali hilo kwanza. Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa Tanzania aliyepata kufanya kazi Ngorongoro, alichapisha mwaka 1986 kitabu cha Kiingereza cha maisha yake mwenyewe, The Worlds of a Maasai Warrior. Mwanafunzi akikiita hadithi, Kiswahili hakimkatazi. Akiendelea na kukiita "novel", amemfanya mwandishi kuwa mtu wa kubuni. Neno limfaalo ni tawasifu, na Kiswahili kina mfano wake mashuhuri katika Maisha Yangu ya Shaaban Robert.

Tena kuna mandhari. Neno hili lina asili ya kutazama, na kwa mkaaji wa Ngorongoro mandhari ni kuta za kreta, ukungu wa asubuhi na nyika. Katika fasihi neno hilo hilo hutumika badala ya "setting", ambalo si mahali tu, bali pia wakati na hali ya jamii. Mwanafunzi aulizwaye habari za "setting" akaeleza milima na mito peke yake, hakukosa kuelewa kitabu; ameongozwa na neno lake mwenyewe. Lakini alama za mtihani hazitofautishi kosa la kuelewa na kosa la neno, na hapo mtoto aliyesoma huhesabiwa kuwa hakusoma.

Dawa ya jambo hili si kukimbia Kiswahili wala kukilaumu. Kiswahili huendelea kufundishwa sekondari kama somo, na istilahi zake za fasihi ni nyingi na timamu. Yafaa basi mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wakae pamoja na kuandaa orodha fupi ya maneno ya kitabu. Kila neno liwekwe ndani ya sentensi, na mpaka wa maana yake uonyeshwe kwa pande zote mbili. Lugha za nyumbani nazo zisisahauliwe. Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, iliyotoka mwaka 2002, yaonyesha kwamba kazi ya namna hiyo yawezekana. Mwanafunzi akijua neno lake laishia wapi na la mwenziwe laanzia wapi, ataweza kusema alichokisoma, na mwalimu ataweza kumpima kwa kile alichokielewa.