Hospisi Nzuri Tutaijuaje?



Katika mikutano yetu nanyi kuna swali ambalo limerudi mara nyingi. Kuna mgonjwa kijijini. Hospitali kubwa imesema ugonjwa hauwezi kuondolewa tena, mrudisheni nyumbani. Kisha wanakuja watu wanaosema kwamba wanatoa huduma ya hospisi. Wanataka kulipwa na jamaa, au wanaomba kikundi kiwachangie. Je, tutajuaje kama huduma yao ni nzuri?

Kikundi kimoja cha akina mama kilituuliza swali hili kwa uchungu. Mwenzao alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Walitoa pesa za mzunguko, wakafanya na harambee ndogo, wakawalipa watu waliokuja na gari lenye maandishi mazuri mlangoni. Watu hao walifika kila Jumanne. Walimpima mgonjwa presha, wakaomba pamoja naye, wakampiga picha, wakamwachia tembe za maumivu, zile za kawaida zinazouzwa dukani. Usiku mama huyo alilia mpaka majirani wakaamka. Jumamosi moja usiku binti yake alipiga ile nambari waliyopewa mara saba. Mteja hapatikani. Mwenyekiti akatuuliza, "Tuendelee kulipa? Ama kufa na kansa ni hivyo tu?"

Hapana, si hivyo tu. Na hapa ndipo shida yetu ilipo. Wengi wetu tumeona wazee wetu wakiteseka mpaka mwisho, tukaamini kwamba maumivu ni sehemu ya ugonjwa. Mtu akiamini hivyo hawezi kujua kama amepewa huduma mbaya. Kwa hiyo tumeona tueleze hospisi inatakiwa kufanya nini, na kikundi kitaipima vipi.

HOSPISI NI NINI?

Wengine hufikiri hospisi ni nyumba ya kupeleka watu wakafie. Sivyo. Hospisi ni huduma ya kumtuliza mtu mwenye ugonjwa mzito: kuondoa maumivu, kutibu kichefuchefu, vidonda na kukosa pumzi, kumsaidia moyoni, na kuwasaidia wanaomwuguza. Huduma hii haingoji siku za mwisho. Mgonjwa anaweza kuipata hata kama bado anatibiwa kansa, ugonjwa wa figo, wa moyo, au UKIMWI.

Hapa Kenya hospisi ya kwanza ilikuwa Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990. Baadaye zikafuata nyingine katika miji mbalimbali, na hospitali kadhaa za serikali na za makanisa zikafungua vitengo vya kazi hii. Nyingi ya hospisi zetu hazina vitanda vya kulaza. Mgonjwa huja mchana akarudi kwake, au muuguzi humfuata nyumbani. Kwa hiyo msiipime hospisi kwa jengo wala kwa gari. Ipimeni kwa yale yanayotokea ndani ya nyumba ya mgonjwa, hasa usiku wakati wahudumu wamekwisha kwenda zao.

JAMBO LA KWANZA: MAUMIVU

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya kansa kwa ngazi tatu. Ngazi ya chini ni dawa za kawaida kama parasetamo. Ya pili ni dawa zenye nguvu kidogo kama kodini. Ya tatu, kwa maumivu makali, ni mofini. Maumivu yakizidi mgonjwa hupandishwa ngazi. Hospisi inayomwacha mgonjwa analia kwenye ngazi ya kwanza wiki baada ya wiki haijafanya kazi yake, hata kama wahudumu wake ni wapole namna gani.

Basi swali lenu la kwanza kwa hospisi yoyote liwe hili: Je, mnayo mofini? Kama hamna, mgonjwa wetu ataipata wapi, na nani ataiandika?

Mofini ya maji hunywewa kwa mdomo, na nguvu yake hukaa kama saa nne. Kwa hiyo hutolewa kwa saa, mchana na usiku, bila kungojea maumivu yarudi. Wahudumu wengine huagiza dozi ya kulala iwe kubwa zaidi ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usiku. Mofini hufunga choo, kwa hiyo muuguzi anayejua kazi yake hutoa pia dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo. Siku chache za kwanza mgonjwa anaweza kuona usingizi na kichefuchefu, na mara nyingi mambo hayo hupungua. Mhudumu mzuri huwaeleza haya yote mapema, akawaandikia saa na kipimo kwenye karatasi, akawaonyesha jinsi ya kupima dawa. Kipimo hakibadilishwi na jamaa bila kumwuliza yeye, na chupa huwekwa mbali na watoto.

Kuna wanaoogopa kwamba mofini ni dawa ya kummalizia mtu, au kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Ikitolewa kwa kipimo kinachofaa na mtu aliyefunzwa, haimharakishi mgonjwa kufa, na mwenye maumivu ya kweli ni nadra kugeuka mlevi. Wengi hupata nguvu ya kuketi, kula kidogo na kuongea na watoto wao.

JAMBO LA PILI: USIKU NA WIKENDI

Maumivu hayajui Jumapili. Ulizeni: Tukipiga simu saa nane za usiku, nani atashika? Kama hamwezi kuja, mtatuambia la kufanya? Jaribuni ile nambari kabla ya kulipa. Hospisi ndogo yenye muuguzi mmoja haiwezi kufika kila saa, na hilo linaeleweka. Lakini inaweza kupokea simu, na inaweza kuacha dawa ya akiba na maagizo ya wazi juu ya maumivu yanayotokea ghafla. Anayesema ukweli juu ya mpaka wake ni afadhali kuliko anayeahidi saa ishirini na nne halafu hapatikani.

JAMBO LA TATU: WATU WENYEWE

Msione haya kuuliza vyeti. Muuguzi wa Kenya lazima awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi. Kituo cha matibabu kinatakiwa kuwa na leseni, nayo hubandikwa mahali watu wanaweza kuiona. Mtazame mwaka ulioandikwa. Ulizeni pia kama wahudumu wamesomea kazi ya kutuliza wagonjwa, kwa maana si kila muuguzi amefunzwa juu ya mofini. Kuna pia chama cha hospisi za Kenya, KEHPCA, kilichoanzishwa mwaka 2005. Ulizeni kama hospisi hiyo inajulikana huko.

Kisha mwangalieni mhudumu akiwa nyumbani. Je, anamgeuza mgonjwa na kutazama mgongo na makalio kama kuna vidonda vya kulala? Je, anamfundisha binti au mke jinsi ya kumwosha, kumgeuza na kusafisha kinywa? Mhudumu huja saa moja kwa wiki, na saa nyingine zote ni za jamaa. Asiyewafundisha jamaa amewaacha peke yao.

JAMBO LA NNE: PESA

Ombeni bei kwa maandishi kabla ya kuanza. Ulizeni dawa ni pesa ngapi, kutembelewa ni pesa ngapi, na nauli inalipwa na nani. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Ulizeni kama hospisi imesajiliwa huko, na ni kitu gani mtalipa mfukoni. Kila shilingi iwe na risiti. Kama kikundi kinachanga, mweka hazina aziweke risiti hizo pamoja na daftari la kikundi.

JAMBO LA TANO: HESHIMA

Mgonjwa si tangazo. Picha yake isipigwe wala kuonyeshwa wafadhili bila yeye kukubali, na akikataa huduma isipungue. Habari za ugonjwa wake zisisikike sokoni. Akitaka kuujua ukweli wa ugonjwa wake, aambiwe kwa upole. Akitaka kupanga mambo ya shamba na watoto, asaidiwe akiwa bado na nguvu.

Na tuseme wazi, sisi tulio wa kanisa: maombi ni mazuri kwa anayeyataka, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa wa dini nyingine, au asiye na dini, apate huduma ile ile, na aitiwe kiongozi wake akimhitaji.

DAFTARI LA VIDOLE

Sasa, kikundi kitapimaje bila kuwa madaktari? Tumieni mkono. Mgonjwa akionyesha ngumi, hana maumivu. Kidole kimoja, maumivu ni kidogo. Vidole vitano, ni makali kupita kiasi. Anayemwuguza aulize asubuhi na usiku, aandike namba kwenye daftari. Katika mstari huo huo aandike: Alilala? Alipata choo? Tulipiga simu, ikashikwa?

Fanyeni hivyo wiki mbili, halafu mlisome daftari pamoja na mhudumu. Kama mgonjwa alianza na vinne na sasa ni kimoja, kazi inafanyika. Kama ni vinne siku zote na hakuna kilichobadilishwa, ulizeni kwa nini. Hospisi nzuri hufurahi kuona daftari kama hilo. Hata Chama cha Huduma ya Kutuliza Wagonjwa cha Afrika kina maswali yake 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemwuguza, na majibu hupewa namba kutoka 0 hadi 5. Huulizwa maumivu, wasiwasi, amani ya moyo, na kama jamaa wamepata maelezo ya kutosha. Waulizeni wahudumu wenu kama wanauliza mambo kama haya na kuyaandika.

TUKIONA KASORO

Msikimbilie kulaumu. Wakati mwingine dawa imechelewa kufika, au barabara imekatika kwa mvua. Kwanza ongeeni na muuguzi mwenyewe, daftari mkononi. Asiposikia, mwendeeni msimamizi wake. Bado hakuna jibu? Pelekeni habari kwa ofisi ya afya ya kaunti, na wakati huo huo tafuteni hospitali iliyo karibu yenye kitengo cha kutuliza wagonjwa. Msimwache mgonjwa bila huduma mkingoja kesi iishe.

Wale akina mama walifanya hivyo. Walimwuliza mkubwa wa wale watu wa gari kuhusu mofini. Akakubali kwamba hawana, na kwamba hakuna miongoni mwao aliyesomea kazi hiyo. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na kitu walichokuwa wanamlipia. Kikundi kilisimamisha malipo, kikakodi gari na kumpeleka mwenzao kwenye hospitali ya serikali yenye muuguzi aliyefunzwa. Alirudi na chupa, karatasi ya saa, na nambari ya simu iliyoshikwa. Usiku wa tatu alilala mpaka jogoo wakawika. Aliishi wiki tisa tena. Katika wiki hizo aliwaonyesha wanawe mpaka wa shamba, akaongea na dada yake waliyekuwa wamekosana naye kwa miaka mingi.

Binti yake alitupa daftari lake tulisome. Ukurasa wa kwanza umejaa tano na nne, na kurasa za mwisho zina moja na ngumi.

Vikundi vyetu ni hodari sana kuchangia mazishi. Turubai, chakula na gari la maiti hupatikana kwa siku mbili. Tunawaomba mfikirie sehemu ya pesa hizo itoke mapema, wakati mwenyewe bado anaweza kulala usingizi kwa sababu yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kijijini mwetu anayeuguzwa nyumbani sasa hivi? Nani anamwuguza, na yeye hupumzika lini?
2. Hospitali iliyo karibu nasi yenye mofini ni ipi? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
3. Nauli ya kufika huko ni pesa ngapi, na mfuko wetu unaweza kutoa kiasi gani?
4. Tumekuwa tukiogopa nini kuhusu mofini? Nani tumwalike aje kutueleza?
5. Nani kati yetu ataanzisha daftari la vidole, na nani atalisoma pamoja naye?