Kigeuzi cha Umeme na Hesabu ya Joto Lake

Kijiji cha Kendwa kiko karibu na ncha ya kaskazini ya Unguja. Umeme wake hutoka Tanzania Bara kwa waya mzito uliolazwa chini ya bahari, hutua Fumba, kusini, kisha husafiri karibu urefu wote wa kisiwa. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Kabla ya huo wa pili, Unguja ilikaa bila umeme huo kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, na tena kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009. Pampu za maji zilisimama. Wenye uwezo waliendesha jenereta. Wengine walirudia vibatari.

Jua halikukatika siku hizo. Lakini paneli za sola na betri hutoa mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja daima, ilhali pampu na majokofu mengi yameundwa kwa mkondo geu, ambao hapa kwetu hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chombo kinachogeuza mkondo wa kwanza kuwa wa pili huitwa kigeuzi. Mafundi hukiita inveta. Cha nyumba moja hutundikwa ukutani. Cha hoteli au kijiji kizima ni jambo jingine.

Ndani yake mna transista zinazotumika kama swichi. Huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kurefusha na kufupisha vipindi vya kuwaka hupatikana umbo la wimbi, ambalo koili na kapasita hulilainisha. Swichi iliyozimwa haipitishi mkondo, kwa hiyo haipotezi kitu. Iliyowashwa hupoteza kidogo: ampea 100 zikipita, na volti 2 zikibaki juu yake, joto ni wati 200. Hasara kubwa hujificha katikati, pale swichi inapovuka kutoka hali moja hadi nyingine. Volti 300 zikiwapo bado huku ampea 50 zikipita, joto la nukta hiyo ni wati 15,000! Kuvuka huko huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini hurudiwa. Tuseme kila kuwasha na kuzima kunapoteza jouli 0.02. Kwa mara 5,000 kwa sekunde hasara ni wati 100; kwa mara 20,000 ni wati 400.

Kwa nini basi swichi isiende polepole? Kwa sababu koili ingelazimika kuwa kubwa, nzito na ghali kwa shaba yake. Mbunifu akipunguza joto anaongeza uzito. Akipunguza uzito anaongeza joto. Kwa kompyuta hupimwa maelfu ya michoro, na kubakizwa ile tu ambayo haiwezi kuboreshwa upande mmoja bila kuharibiwa upande mwingine. Mpaka wa michoro hiyo huitwa kwa jina la Vilfredo Pareto, Mwitalia aliyesomea uhandisi kabla ya kuwa mwanauchumi. Transista za silikoni kabaidi, ambazo huvuka upesi kuliko zile za silikoni tupu, zimeusogeza mpaka huo mbele.

Asilimia moja inaweza kuonekana ndogo. Kigeuzi cha kilowati 100 chenye ufanisi wa asilimia 98 hutoa joto la kilowati 2 hivi, sawa na pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka ndani ya kabati. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 96, pasi zinakuwa nne. Nayo hewa ya Kendwa ina joto na chumvi: feni inayovuta hewa ya nje huingiza pia chumvi inayokula viungo, na kabati likizibwa kabisa joto hukosa pa kutokea. Kwa kadirio la mafundi, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza kwa nusu maisha ya kapasita za kimiminika. Mchoro uliochaguliwa kuwa bora kwa chumba baridi cha Ulaya huenda usiwe bora ufukweni; hesabu hurudiwa upya, ikianza na nyuzi za joto za mahali chombo kitakapokaa.