Shomoro, Sufuria na Hesabu za Uongo

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie mambo yaliyotokea kweli nchini China, enzi za Mao Zedong, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti.

Wakomunisti walipotwaa nchi mwaka 1949 waliikuta hoi kwa vita, na fedha yake haina thamani. Wakatuliza bei, wakawanyang'anya mamwinyi mashamba na kuwagawia wakulima. Mamwinyi wengi waliuawa, na hilo nalo mlijue. Mwaka 1953 ukaanza Mpango wa Miaka Mitano. Wasovieti walileta wahandisi, michoro na mashine. Kiwanda kipya cha Changchun kikatoa malori ya kwanza mwaka 1956. Mwaka uliofuata daraja likauvuka mto Yangtze pale Wuhan, magari juu, garimoshi chini. Chuma cha pua kilipanda kutoka tani milioni 1.35 mwaka 1952 hadi milioni 5.35 mwaka 1957. Asije mtu akawaambia hawakufanya lolote.

Kisha ikaingia pupa. Mwaka 1958 Mao alitaka chuma kizidi maradufu kwa mwaka mmoja tu. Vijiji vikajenga tanuri za udongo. Misitu ikafyekwa kwa kuni, wakulima wakakesha wakichochea moto na kutumbukiza humo sufuria, majembe, hata bawaba za milango. Sufuria za nini, na watu wote sasa wanakula kwenye jiko la pamoja? Kilichotoka kilikuwa mabonge yanayovunjika ovyo, na huku nyuma mazao yakiozea shambani kwa kukosa wavunaji.

Shomoro nao wakashtakiwa kwa kula nafaka. Watoto wa rika lenu walipiga ngoma na mabeseni mchana kutwa, ndege wasipate pa kutua, mpaka wakaanguka kwa kuchoka. Kumbe shomoro hula pia wadudu, na wadudu wakayavamia mashamba. Mwaka 1960 shomoro wakasamehewa.

Lakini kilichoua zaidi ni hesabu. Kiongozi aliyetaja mavuno ya kweli aliitwa mwoga, au adui wa mapinduzi. Basi kila mmoja akatia chumvi kumzidi jirani. Serikali ikachukua fungu lake kwa kufuata tarakimu hizo. Karatasini nafaka tele, ghalani hamna kitu! Mwaka 1959, Peng Dehuai, waziri wa ulinzi na mtoto wa wakulima, alimwandikia Mao barua kuhusu makosa hayo. Akavuliwa uwaziri, na wengine wakafyata ulimi. Njaa ya 1959 hadi 1961 iliua watu ambao wanahistoria wengi huwakadiria kati ya milioni 15 na zaidi ya milioni 40. Mipango haili, wanangu. Watu ndio wanaokula, na hao ni wachache waliothubutu kuwahesabia kwa haki.

Mwishowe majiko ya pamoja yalifungwa, na wakulima, ambao mashamba yao yalikuwa yameunganishwa yalimwe kwa pamoja, wakarudishiwa vishamba vyao, chakula kikaanza kuongezeka. Peng hakurudishiwa uwaziri. Alifia kizuizini mwaka 1974, na chama kikamsafisha jina miaka minne baadaye.