Chagua Msimulizi Kabla ya Shujaa

Wengi wetu huku Kasongo na Kabambare tuliwajua mashujaa wa katuni za Marekani kupitia filamu, tukizitazama kwenye simu au kwenye ukumbi wa video. Anayependa kusoma hafiki mbali kabla ya kuuliza: nianze na kitabu gani? Mara nyingi huambiwa aanze na namba moja, na ushauri huo ndio unaowakatisha tamaa wasomaji wapya. Superman alitokea Juni 1938 katika Action Comics namba 1. Batman alimfuata Mei 1939. Black Panther alijitokeza Julai 1966 ndani ya Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Tangu hapo hadithi zao hazijafungwa. Hakuna anayezisoma zote, wala hakuna haja.

Wingi huo una sababu. Mashujaa hawa ni mali ya kampuni: Superman na Batman ni wa DC, Black Panther ni wa Marvel. Kwa kawaida kila mwezi hutoka toleo jembamba la kurasa 20 hivi. Mwandishi na mchoraji hukabidhiwa shujaa, wakamwendesha mwaka mmoja, miwili au mitano, kisha wakampisha mwingine. Kipindi hicho cha mkono mmoja nitakiita awamu. Jina la shujaa na vazi lake hubaki, lakini sauti, mwendo wa hadithi na hata tabia hubadilika kwa awamu. Awamu nzuri ina mwanzo, kati na mwisho wake, hata kama shujaa ana miaka 60 nyuma yake. Kwa hiyo mgeni asiulize shujaa gani ni bora. Aulize ni nani aliyemsimulia vizuri.

Jambo hili si geni kwetu. Katika misitu ya Wanyanga huko Kivu Kaskazini, jirani na mkoa wetu wa Maniema, kuna utendi wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, aliyeokoka na chuki ya babake Shemwindo, akashuka kuzimu na kurudi akiwa mtawala mwenye hekima. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliusimulia mzima kwa siku 12, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Watambaji wengi walijua vipande tu, kila mmoja akitamba kwa namna yake, na msikilizaji hakudai kusikia kila toleo lililowahi kutambwa. Alitafuta mtambaji hodari akakaa kitako. Fanya vivyo hivyo na katuni.

Kwa msomaji wa Kasongo, mlango wa kwanza ningeufungua kwa Ms. Marvel ya mwaka 2014, iliyoandikwa na G. Willow Wilson na kuanza kuchorwa na Adrian Alphona. Shujaa wake ni Kamala Khan, msichana wa miaka 16 wa Jersey City, binti wa Waislamu waliotoka Pakistani. Mji wetu ulikuwa makao ya mfanyabiashara Mwislamu Tippu Tip, kisha ya mwanawe Sefu, hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka Aprili 1893, na Uislamu umeendelea kuishi hapa hadi leo. Ni nadra msomaji wa huku kufungua katuni ya Marekani akakuta nyumba inayofanana na ya jirani yake: baba mkali mwenye huruma, mama mwenye wasiwasi, kaka mcha Mungu, na msichana anayetaka kwenda kwenye karamu aliyokatazwa.

Angalia jinsi Wilson anavyoijenga. Usiku wa karamu hiyo Kamala anatoroka nyumbani, ukungu wa ajabu unaufunika mji, naye anapata uwezo wa kubadilisha umbo. Kwa kuwa amekuwa akitamani kufanana na shujaa Carol Danvers, mwili wake unageuka kuwa wa mwanamke mzungu mwenye nywele za dhahabu. Muda mfupi baadaye msichana aliyekuwa akimdhihaki anaanguka majini. Kamala anakumbuka aya ya Kurani ambayo babake huitaja kila anapoona maafa kwenye televisheni, ile inayohusu uzito wa kuokoa roho moja, naye anakwenda kuokoa. Kitendo cha kwanza cha kishujaa kimetoka katika malezi ya nyumbani, ilhali sura aliyoivaa ni ya kuazima. Matoleo yanayofuata yanamfundisha kuokoa watu akiwa na sura yake mwenyewe. Baadaye anatumwa kuonana na Sheikh Abdullah. Anatarajia kukemewa, lakini sheikh anamtaka awe na ujasiri, ukweli na huruma, na atafute mwalimu. Mfululizo huo wa kwanza una matoleo 19, na kitabu chake cha kwanza kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Mzazi anaweza kumpa binti wa miaka 12 bila hofu.

Anayependa hadithi ya mji na polisi aanze na Batman: Year One ya mwaka 1987, iliyoandikwa na Frank Miller na kuchorwa na David Mazzucchelli. Ni matoleo manne tu, Batman namba 404 hadi 407, na hakuna cha kusoma kabla yake. Watu wawili wanaingia mji wa Gotham siku moja, tarehe 4 Januari. Askari James Gordon anakuja kwa treni na kuuona uchafu wote, akiwaza kwamba angekuja kwa ndege asingeona zaidi ya barabara na majengo. Tajiri Bruce Wayne, atakayekuwa Batman, anakuja kwa ndege, akitazama chini na kujuta kwamba hakupanda treni, maana alitaka kumwona adui kwa karibu. Kurasa chache tu zimetosha kutuambia kila mmoja ni nani. Kinachofuata ni habari ya Gordon, askari mwaminifu katikati ya polisi wanaokula rushwa, na Batman anashiriki nafasi naye nusu kwa nusu. Aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kudaiwa pesa hatahitaji maelezo.

Anayetaka Superman asome All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12 yaliyotoka kati ya 2005 na 2008. Ukurasa wa kwanza unamaliza asili yote ya shujaa kwa picha nne na maneno manane: sayari inayokufa, wazazi waliokata tamaa, chombo angani, wakulima wawili wanaompokea mtoto. Kisha Superman anaambiwa kwamba naye ana muda mfupi wa kuishi. Hadithi nzima ni hesabu ya kile ambacho mtu mwema angekifanya na siku zake za mwisho. Katika toleo la kumi, pamoja na kazi kubwa zote alizonazo, anasimama nyuma ya msichana aliye ukingoni mwa ghorofa akitaka kujirusha, anamhakikishia kwamba daktari wake kweli alicheleweshwa, na anamkumbatia. Kwa maoni yangu hakuna ukurasa unaoeleza vizuri zaidi kwa nini mashujaa hawa wamedumu.

Sasa Black Panther mwenyewe, na hapa mgeni ahadhari. Amekuwa na namba 1 mwaka 1977, 1998, 2005 na tena 2016, kwa kutaja chache, kwa sababu kampuni huanza hesabu upya ili kuvutia wanunuzi. Namba iliyo kwenye jalada haikuongozi. Mwaka na jina la mwandishi ndivyo vinavyokuongoza. Filamu ya Ryan Coogler ilichota kutoka awamu kadhaa. Killmonger, adui wa mfalme, alizaliwa katika awamu ya Don McGregor ndani ya Jungle Action, kuanzia namba 6 ya mwaka 1973. Walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje, walibuniwa na Christopher Priest mwaka 1998. Shuri, dada wa mfalme, aliingia katika awamu ya Reginald Hudlin iliyoanza mwaka 2005.

Kati ya hizo, chagua ya Priest. Ilidumu matoleo 62, kutoka 1998 hadi 2003, na kitabu cha kwanza cha mkusanyo kina matoleo 17 ya mwanzo. Msimulizi ni Everett Ross, mtumishi wa serikali ya Marekani, naye anasimulia kwa kurukaruka, mwisho ukitangulia mwanzo. Usiogope ukipotea katika matoleo mawili ya kwanza. Ndivyo ilivyokusudiwa, na mambo yatajipanga. Thawabu ya uvumilivu huo ni T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, mfalme wa Kiafrika anayefikiri kama mkuu wa nchi. Vita vya nchi jirani vinasukuma wakimbizi hadi Wakanda, nchi yake ya kubuni, T'Challa anawapokea, na wema huo unageuka mwanya ambao adui yake Achebe anautumia kutwaa utawala. Sisi tuliowapokea wakimbizi, na wengine tuliokuwa wakimbizi wenyewe, tutaisoma sehemu hii tofauti na msomaji wa New York. Awamu ya Ta-Nehisi Coates na mchoraji Brian Stelfreeze, iliyoanza mwaka 2016, isomwe baada ya hiyo. Inauliza kama Wakanda inamhitaji mfalme hata kidogo, na swali hilo lina uzito zaidi kwa aliyekwisha kumzoea huyo mfalme.

Kuna pia shujaa ambaye kwa karatasi ni Mkongomani. David Zavimbe, anayeitwa Batwing, alitokea mwaka 2011 katika Batman Incorporated ya Grant Morrison, na mwaka huohuo akapata kitabu chake, kilichoandikwa na Judd Winick na kuanza kuchorwa na Ben Oliver. Ni askari polisi wa Tinasha, mji wa kubuni ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yatima wa UKIMWI aliyewahi kuwa kadogo, yaani askari mtoto. Michoro ya Oliver ina mwanga na vivuli vya kupendeza, na swali la Winick ni zito: aliyefundishwa kuua akiwa mtoto anawezaje kuwa mlinzi wa watu? Hata hivyo, nchi inayoonyeshwa ni damu na bunduki karibu kila ukurasa. Soko, shule na harusi vimepata nafasi finyu mno. Kuanzia namba 19 vazi linachukuliwa na Mmarekani, Luke Fox, na hadithi inahamia Gotham. Soma matoleo ya mwanzo kwa kumjua David, lakini usikubali kwamba hiyo ndiyo sura yote ya Kongo.

Kazi bora zaidi juu ya vita vya ukanda huu ni Unknown Soldier ya Joshua Dysart na Alberto Ponticelli, matoleo 25 yaliyotolewa na Vertigo, tawi la DC, kati ya 2008 na 2010. Inamhusu daktari Moses Lwanga kaskazini mwa Uganda mwaka 2002, wakati wa uasi wa kundi la LRA. Si katuni ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na si ya watoto. Aliyepitia vita aifungue akiwa tayari, au aiache kabisa. Naitaja kwa sababu nyingine pia. Matoleo ya 13 na 14 yalichorwa na Pat Masioni, Mkongomani aliyejijenga Kinshasa kabla ya kuhamia Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tazama anavyochora njia, nyumba na jinsi watu wanavyosimama. Huyo ni mtu anayekumbuka alichokiona.

Mambo machache ya kutendwa. Tafuta kitabu cha mkusanyo, chenye matoleo matano au sita au zaidi kwa jalada moja, badala ya toleo moja moja. Hadithi haitakatikia njiani. Anayesoma Kifaransa ana bahati, kwa kuwa vitabu vya DC hutolewa Ufaransa na Urban Comics tangu 2012, na vya Marvel na Panini. Anayesafiri Lubumbashi aulizie kwenye maktaba ya Institut français, au amwagize ndugu anayerudi. Soma kurasa taratibu: kwanza picha, kisha maneno, kisha picha tena. Ukikutana na jina usilolijua, songa mbele. Mwandishi mzuri atakueleza likihitajika. Kitabu kisipokushika baada ya matoleo mawili, kiweke chini bila aibu na ujaribu kingine, kwa maana umeshindwana na msimulizi mmoja tu. Na ukipenda, andika jina la mwandishi na la mchoraji, uwatafute hao katika vitabu vingine hata kama shujaa ni mgeni kwako.

Kwa vijana wanaochora kwenye madaftari ya shule huku Maniema nina ombi moja. Chukua ukurasa wa Mazzucchelli au wa Masioni, funika maneno kwa karatasi, ujiulize kama hadithi bado inasomeka. Kisha jaribu na ukurasa wako. Walega wa Pangi wana utendi wa shujaa wao Mubila, na ningefurahi sana kusoma awamu yake ya matoleo 12, ya mwandishi mmoja na mchoraji mmoja, iliyotoka mkononi mwa mtu wa huku.