Je, Watu wa Zamani Walituzidi Nguvu? Mizani ya Wachezaji wa Raga Yatoa Jibu

Uko ubishi mmoja usiokwisha katika vijiji vyetu. Wazee husema: "Watu wa zamani ndio waliokuwa watu. Walipanda milima ya Umatengo na mzigo kichwani, walipiga kafi ziwani usiku kucha, na asubuhi walishika jembe. Ninyi vijana wa leo mnachoka mkiwa mmekaa." Vijana nao hujibu: "Babu, mbona koti lako la ujana halinifiki hata mabegani?" Basi kila mmoja huondoka akiamini kwamba ameshinda.

Ubishi huo ni mgumu kuukata, maana kipimo hatuna. Vitabu vya ubatizo huandika jina, wazazi, msimamizi na siku. Havisemi mtu alikuwa na urefu gani wala uzito gani alipofika utu uzima. Kwa hiyo hapana budi tutafute mahali pengine, ambapo vijana wenye afya walipimwa kizazi baada ya kizazi, na hesabu ikatunzwa. Mahali hapo ni katika mchezo wa raga.

MCHEZO WENYEWE

Huku kwetu, kuanzia Mbinga hadi Tingi na kuteremka mpaka Mbamba Bay, mtu akisema "mpira" ana maana ya kandanda. Raga wengi wetu hatujaiona. Basi nieleze kidogo. Mpira wake una umbo la yai. Kila timu ina watu 15, na mchezo ni wa dakika 80. Mchezaji huchukua mpira mikononi na kukimbia nao, na adui humkamata kiunoni au miguuni na kumbwaga chini. Tena kuna jambo liitwalo skramu: watu wanane wa upande mmoja hushikana mabega, wakainama, wakasukumana na wanane wa upande wa pili kama mafahali wawili malishoni.

Katika mchezo wa namna hii, uzito ni mali. Ndiyo sababu tangu zamani vitabu vya mechi viliandika urefu na uzito wa kila mchezaji kando ya jina lake. Waandishi wale walitaka tu kuwafurahisha watazamaji, kumbe walikuwa wakituwekea ushahidi.

DEBE MOJA ZAIDI

Mwaka 1955 timu ya British Lions, yaani wachezaji bora wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, ilizuru Afrika Kusini. Wakati wa kurudi kwao walipitia Nairobi, wakacheza na timu ya Afrika Mashariki, wakashinda kwa 39 dhidi ya 12. Walirudi tena mwaka 1962 na kushinda kwa 50 kwa bila. Siku hizo raga ya Afrika Mashariki ilikuwa mchezo wa Wazungu. Waafrika walianza kuingia kwa wingi baada ya uhuru.

Je, mashujaa wale wa mwaka 1955 walikuwa majitu? Mwaka 2018 wataalamu wa tiba walitoa hesabu za wachezaji wa timu za taifa za nusu ya kaskazini ya dunia, kuanzia mwaka ule ule wa 1955 hadi 2015. Walikuta kwamba mwaka 1955 mchezaji alikuwa na uzito wa kilo 84.8 kwa wastani. Mwaka 2015 alikuwa na kilo 105.4. Urefu nao uliongezeka, lakini uzito uliongezeka zaidi sana.

Tuzipime hesabu hizo kwa kipimo chetu. Gunia la mahindi ni kilo 100 hivi, na debe moja hukaribia kilo 20. Basi mchezaji wa mwaka 1955 hakufikia gunia; alipungukiwa na kama robo tatu ya debe. Mchezaji wa mwaka 2015 amelipita gunia. Katika miaka 60, kila mtu uwanjani ameongezewa debe moja la mahindi mwilini mwake, na bado anakimbia nalo!

Tutazame watu wawili wanaojulikana dunia nzima. Colin Meads alikuwa mkulima wa New Zealand, akaichezea nchi yake kuanzia mwaka 1957 hadi 1971. Alihesabiwa kuwa jabali la watu wa mbele, wale wasukumao skramu, naye alikuwa na kilo 100 na kidogo. Baadaye, katika mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1995, New Zealand ilimleta kijana wa miaka 20, Jonah Lomu. Huyu hakuwa mtu wa mbele. Alikuwa winga, mahali ambapo zamani walipangwa vijana wembamba wenye mbio. Lakini Lomu alikuwa na urefu wa mita 1.96 na uzito unaokaribia kilo 120. Katika nusu fainali aliifunga Uingereza mara nne. Mlinzi mmoja alijaribu kumzuia, Lomu akapita juu yake kama mtu avukaye kizingiti. Ndipo ulimwengu ulipotambua kwamba winga mpya amemzidi uzito jabali wa zamani.

WAMEPATA WAPI MIILI HIYO?

Sababu ya kwanza ni fedha. Hadi mwaka 1995 wachezaji wa raga walikatazwa kulipwa. Walikuwa madaktari, wakulima, walimu na makarani. Walifanya kazi mchana kutwa, wakafanya mazoezi jioni mara chache kwa juma. Mwezi wa Agosti mwaka huo malipo yaliruhusiwa. Tangu hapo kazi ya mchezaji ni moja tu: kunyanyua vyuma, kula, kulala, na kucheza. Ana mwalimu wa mazoezi, ana mpishi, ana daktari.

Sababu ya pili ni kanuni ya kubadilisha wachezaji. Zamani timu ilianza na watu 15 na kumaliza na hao hao. Mtu akivunjika, wenzake waliendelea wakiwa pungufu. Mwaka 1968 iliruhusiwa kumtoa aliyeumia, na mwaka 1996 iliruhusiwa kumtoa hata aliyechoka. Siku hizi wachezaji wanane hungoja kando ya uwanja. Kwa hiyo mtu mzito hana haja ya pumzi za dakika 80. Akisukuma dakika 50 inatosha. Mwaka 2019 Afrika Kusini ilitwaa Kombe la Dunia kwa njia hiyo, ikiwa na watu wazito wa kuanza na watu wazito wa kumalizia. Mmoja wa walioanza katika fainali ile ni Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, aliyeichezea Afrika Kusini mechi 117.

Sababu ya tatu ni uchaguzi. Timu kubwa hutafuta vijana wakubwa popote walipo, visiwani Tonga au Nairobi. Mkenya Daniel Adongo alicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 akachukuliwa Marekani kucheza mpira wa nchi ile katika timu ya Indianapolis Colts, kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake.

Sababu ya nne ni ya ndani zaidi, nayo hainunuliwi kwa fedha za mchezaji. Ni malezi ya utoto. Katika muda wa miaka mia moja hivi, wanaume wa Ulaya wamerefuka kwa sentimita 11 kwa wastani. Nasaba yao haikubadilika. Lililobadilika ni kwamba watoto walipata maji safi, chanjo, maziwa na chakula cha kutosha, nao wazazi wakawa na watoto wachache zaidi wa kuwatunza. Misuli mtu aweza kuijenga akiwa na miaka 20. Urefu wa mifupa hauwezi kujengwa tena umri huo. Akiba yake iliwekwa mtu alipokuwa mchanga.

UKUBWA SI NGUVU YOTE

Lakini tusidanganyike kwamba mkubwa ndiye hodari siku zote. Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini ana urefu wa mita 1.7 hivi tu, na uzito wa kilo 80 au pungufu. Katika fainali ile ya mwaka 2019 aliwachenga majitu akafunga. Mwaka 2023 alitwaa kombe mara ya pili.

Hata majirani zetu wa Kenya walijipatia sifa katika raga ya watu saba kila upande, ambayo mechi yake ni ya dakika 14 na inataka mbio kuliko uzito. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, waliifunga Fiji, mabingwa wa mchezo huo, kwa 30 dhidi ya 7. Mwaka huo huo Collins Injera alivunja rekodi ya ufungaji ya mashindano hayo ya dunia.

Tena ukubwa una gharama yake. Gunia likidondoka juu ya gunia, kishindo chake si sawa na cha debe juu ya debe. Miili mizito yenye mbio ikigongana, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Mwaka 2020 Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia akiwa na Uingereza mwaka 2003, alieleza hadharani kwamba amepatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, naye alikuwa na miaka 42 tu. Hakumbuki hata fainali aliyoshinda. Wakuu wa mchezo wamezidi kuwa wakali: anayemgonga mwenzake kichwani hutolewa nje.

Na vijana wengine, kwa tamaa ya kufanana na majitu hayo, humeza dawa za kukuza misuli. Hata wanafunzi wa sekondari katika mashindano ya Craven Week ya Afrika Kusini wamepata kukutwa nazo. Dawa hizo huharibu ini, moyo na uwezo wa kuzaa. Kijana unayenyanyua vyuma mjini, ukipewa sindano au vidonge vya namna hiyo, vikatae.

WAZEE WANA HAKI KWA UPANDE WAO

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Mizani ya raga yasema kwamba vijana wa leo, pale walipotunzwa vizuri, ni wakubwa na wazito kuliko babu zao. Lakini yasema pia kwamba babu aliyecheza dakika 80 pasipo kubadilishwa, baada ya kutwa nzima ya kazi, alikuwa na ustahimilivu wa ajabu. Hapo wazee wana haki.

Na kuna jambo jingine linalowapa wazee haki, nalo ni la kusikitisha. Mwaka 2016 wataalamu walilinganisha urefu wa watu wa nchi karibu zote za dunia kwa miaka mia moja. Katika nchi nyingi watu wamerefuka. Lakini katika baadhi ya nchi za Afrika, zikiwamo jirani zetu Uganda na Rwanda, vizazi vya karibuni vimekuwa vifupi kuliko vilivyotangulia. Basi tusidhani kwamba kila kizazi hukua kuliko kilichopita kama mti uongezavyo matawi. Kizazi chaweza kurudi nyuma.

Nasi je? Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika mkoa wetu wa Ruvuma ni 35 na zaidi. Ajabu ni hii: mikoa iliyozidiwa na udumavu, Iringa, Njombe na Rukwa, ndiyo inayosifiwa kwa mahindi, nasi tumo katika kundi hilo hilo. Maghala yamejaa, watoto wamedumaa. Sababu ni kwamba tumbo laweza kushiba ugali wakati mifupa na ubongo vina njaa. Na mtoto aliyedumaa hapungukiwi urefu tu. Hushikwa na maradhi upesi, na darasani huchelewa kuelewa. Mwalimu humwita mvivu, kumbe deni lile ni la tangu tumboni mwa mama yake.

Wataalamu husema siku zenye thamani kuliko zote ni 1,000: tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili. Mama mjamzito apunguziwe mizigo na aongezewe mboga. Hili ni la baba kulitazama. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Baada ya hapo uji wake usiwe wa unga mtupu. Tunao dagaa wa Ziwa Nyasa: wakaushwe, watwangwe, watiwe katika uji. Tunayo maharage ya milimani, karanga, mayai, maparachichi, mboga za majani na matunda. Yai la kuku wa nyumbani lisiende sokoni kila mara, na la mtoto likakosekana. Maji yachemshwe, choo kitumike, chandarua kitundikwe, maana kuhara na malaria hula chakula cha mtoto kabla hakijafika mifupani. Na kila mwezi apelekwe kliniki akapimwe.

Kadi ile ya kliniki, enyi wazazi, msiitupe kabatini pamoja na karatasi za zamani. Itazameni kila mara: je, mstari unapanda au umelala? Ukilala miezi miwili, mwulizeni mganga mara moja, wala msingoje mwaka ujao. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Atakayekuwa mchezaji, mkulima, mvuvi au mwalimu wa mwaka 2045, mwili wake unafinyangwa jikoni kwenu jioni ya leo.