Serikali ikikamata jina la tovuti ya kamari

Wazazi wengi wanatuuliza: kwa nini serikali haifungi tovuti za kamari zinazokula pesa za vijana kwenye simu? Swali ni la haki. Nasi tunawaona vijana wakitoka kwenye mazoezi ya kwaya, macho kwenye simu, wakingoja matokeo ya mechi za Ulaya. Lakini tovuti haifungwi kwa kufuli kama duka la sokoni. Marekani walijaribu njia moja, na ni vizuri tuielewe.

Mashine za tovuti ya kamari zinaweza kuwa katika nchi ya mbali ambako polisi wako hawafiki. Jina lake, hata hivyo, limeandikwa kwenye daftari la mtu. Majina yote yanayoishia na .com yanatunzwa na kampuni moja, Verisign, yenye makao katika jimbo la Virginia. (Ya Kongo yetu yanaishia na .cd.) Hakimu akiamuru daftari libadilishwe, anayeandika jina lile anapelekwa penginepo. Nyumba inabaki imesimama, ila kibao cha njiani kimegeuzwa.

Ndiyo maana mwenye nyumba anaweza kuweka kibao kingine. Serikali ya Marekani ilikamata Bodog.com Februari 2012, lakini tangu Desemba 2011 wachezaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kuhamishiwa jina jingine linaloishia na .lv, la nchi ya Latvia. Daftari hilo haliko Virginia.

Kesi inayotufundisha zaidi ni ya jimbo la Kentucky. Mwaka 2008 serikali ya gavana Steve Beshear iliomba mahakama ikamate majina 141 kwa mara moja. Sheria ya jimbo iliruhusu kukamata vyombo vya kamari, kama zile mashine za kutia sarafu. Je, jina ni chombo? Hakimu Thomas Wingate alisema ndiyo. Januari 2009 mahakama ya rufaa ikasema hapana: jina ni herufi tu, halichezeshi mtu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya jimbo ikatengua uamuzi huo, bila kujibu swali lenyewe. Ilisema wanasheria hawawezi kutetea majina ambayo wenyewe hawajajitokeza. Kwa kweli wenye tovuti walikuwa wamejificha, na kujificha huko kuliwagharimu.

Baadaye jimbo lilifuata pesa pia. Lilitumia sheria ya zamani sana inayoruhusu kudai pesa zilizopotea kwenye kamari mara tatu. Wakazi wake walikuwa wamepoteza kama dola milioni 290 kwa PokerStars, na mwaka 2015 Wingate akaamuru kampuni ilipe dola milioni 870. Baada ya rufaa nyingi, mwaka 2021 walipatana kwa dola milioni 300. Pesa hizo ziliingia kwa jimbo, si kwa familia zilizopoteza. Hapo sisi tunasimama kidogo.

Tena, tusidhani gavana huyo alikuwa anachukia kamari. Aliomba kura mwaka 2007 akiahidi kuwapa wananchi nafasi ya kuamua kama kasino ziruhusiwe, na Kentucky ni jimbo la mbio za farasi ambako watu wanaweka pesa kwa ruhusa ya sheria. Alilalamika kwamba tovuti zile hazilipi kodi na zinaharibu biashara ya farasi. Mama ambaye mtoto wake amekula pesa ya minerval hakuwa ndani ya shauri hilo.

Mwaka 2023 Kentucky iliruhusu watu kuweka pesa kwenye matokeo ya michezo, hata kwa simu, kwa leseni na kodi. Gavana aliyetia sahihi ni Andy Beshear, mtoto wa Steve.